Kuuza Ubunifu Katika Mji Uliozoea Kulipia Karatasi: Uzoefu wa Ofisi Ndogo ya Grafiki Mwanza

Katika mitaa ya katikati ya Mwanza, kuanzia Barabara ya Nyerere hadi maeneo ya Pamba na Makoroboi, mtu anayetaka kadi za biashara, stika au bango huingia steshenari, akasimama nyuma ya kiti cha kijana aliyeko kwenye kompyuta, akaeleza anachotaka, na baada ya muda mfupi akatoka na kitu chake mkononi. Hulipia karatasi, wino na idadi ya nakala. Kazi ya kuchora nembo, kupanga maneno na kuchagua herufi na rangi huwa imo humo humo, bila bei yake. Nilifanya kazi ya namna hiyo kwa miaka kadhaa kabla ya kufungua ofisi yangu, na ninaiheshimu, kwa sababu ndiyo iliyonipa wepesi wa mkono na ikanikutanisha na kila aina ya mteja. Lakini nilipoamua kufungua ofisi isiyo na mashine ya kuchapa hata moja, ofisi inayouza ubunifu peke yake, niliona wazi kwamba biashara hii katika mji wetu ina swali moja kubwa: utamfanyaje mtu alipie kazi aliyozoea kupewa bure? Karibu kila nililojifunza tangu wakati huo limetokana na swali hilo.

Watu walionitakia mema walinishauri nianze kwa kununua mashine. Hoja yao ilikuwa na msingi, kwa kuwa mashine huleta fedha ya kila siku, na fedha ya kila siku ndiyo inayolipa pango. Niliamua vinginevyo kwa sababu nilikuwa nimeona jinsi mashine inavyotawala ushauri anaopewa mteja. Ofisi iliyochukua mkopo wa mashine ya fleksi, ile inayochapa mabango ya plastiki, itamshauri kila anayeingia atengeneze bango, hata yule ambaye tatizo lake ni kwamba jina la duka lake halisomeki kutoka ng'ambo ya barabara. Asiye na mashine anaweza kumwambia mteja huyo kwamba hahitaji vipeperushi elfu moja, anahitaji ubao mmoja uliopakwa rangi vizuri. Nimewahi kutoa ushauri huo, nikalipwa kwa ushauri wenyewe, kisha nikampeleka mteja kwa mchoraji wa mabango wa Mabatini ambaye mkono wake unazidi fonti nyingi za kompyuta. Mteja yule amerudi kwangu kila alipofungua tawi jipya, jambo ambalo lisingetokea kama ningemuuzia karatasi asizozihitaji.

Bei ndiyo mahali wabunifu wengi wanapoumia, kwa sababu huipanga kwa kuangalia jirani anatoza nini, na jirani naye aliipanga kwa kuangalia jirani yake. Ninamshauri kila anayeanza achukue karatasi ahesabu saa. Tuchukue mfano wa ofisi ya watu wawili ambayo kwa mwezi hulipa pango shilingi 250,000, umeme na intaneti na vocha shilingi 150,000, mishahara shilingi 800,000, na hutenga shilingi 120,000 kwa ajili ya kompyuta itakayochakaa. Jumla ni shilingi 1,320,000. Mwezi una siku 22 za kazi, na kwa saa 8 kwa siku mbunifu mmoja ana saa 176, lakini hawezi kuziuza zote, kwa sababu nusu yake huishia katika kufuata wateja, kujibu simu, kwenda kwa wachapaji na kusubiri umeme urudi. Ikiwa mbunifu ni mmoja na mwenzake anashughulikia wateja na hesabu, saa zinazouzika ni 88, na kila saa moja inaigharimu ofisi shilingi 15,000 kabla ya faida yoyote. Nembo iliyofikiriwa vizuri, pamoja na mazungumzo na marekebisho, haimaliziki chini ya saa 10. Anayeiuza kwa shilingi 30,000 anamchangia mteja shilingi 120,000 kutoka mfukoni mwake, na atafanya hivyo kwa furaha mwezi wa kwanza na wa pili, halafu mwezi wa tano atafunga ofisi akisema watu wa Mwanza hawathamini ubunifu.

Mimi sikubali kwamba watu wa Mwanza hawathamini ubunifu. Mfanyabiashara wa huku ni mtu makini sana na fedha yake, na akionyeshwa kitu kinavyofanya kazi hulipa. Kinachomshinda kulipia ni kitu ambacho hata anayekiuza hakijui kimetoka wapi. Hilo nililiona kwa karibu katika kazi ya lebo ya dagaa, na ninaomba nilieleze kwa urefu kwa sababu ofisi yetu ilipata mwelekeo wake hapo.

Mama mmoja anayeanika dagaa Igombe, upande wa Ilemela, alikuja akiwa na mfuko wa nailoni na wazo lililokamilika. Alikuwa amechoka kuuza kwa magunia pale Mwaloni Kirumba, ambako bei hupangwa na wanunuzi wakubwa, na alitaka kufungasha vifuko vya nusu kilo vya kuuzwa madukani hapa na Dar es Salaam. “Mwanangu,” aliniambia, “nataka samaki mkubwa pale mbele, watu wamwone.” Nikamjibu, “Mama, ndani kuna dagaa. Anayeona sangara nje atamtafuta sangara ndani.” Alinyamaza kidogo, kisha akafungua mfuko wake akamimina dagaa mezani kwangu, akaanza kuwatenganisha kwa kidole. Huyu amekauka kwenye chanja, huyu amekauka mchangani. Wa kwenye chanja tumbo lake linang'aa kama fedha na kichwa hakijakatika. Wa mchangani ana vumbi lililoingia kwenye magamba, na hata ukimwosha mara tatu, jino litaugusa mchanga. Akasema mnunuzi wa mjini hamwamini mtu yeyote kuhusu dagaa mpaka amwone kwa macho.

Hapo kazi ilikuwa imeshaanza, na aliyeianzisha ni yeye. Kama mnunuzi anataka kuona, kifuko lazima kiwe na sehemu angavu. Nilipendekeza kifuko kizima kiwe angavu, naye akakataa, akisema dagaa wakikaa dukani kwenye mwanga hubadilika rangi, wakawa na umanjano na harufu ya mafuta yaliyochacha. Maelezo yake yalikuwa sahihi kabisa, kwa kuwa dagaa wana mafuta mengi, na mwanga pamoja na hewa huharakisha kuharibika kwa mafuta ya samaki. Tukakubaliana juu ya kifuko cheusi chenye zipu, chenye dirisha dogo sehemu ya chini ambako dagaa hulala wakishikana, na lebo juu yake. Tulizungumza pia kuhusu lebo yenyewe. Stika ya karatasi ingenyonya mafuta ya mikono ya muuzaji na kuanza kubanduka pembeni, kwa hiyo tukachagua stika ya plastiki iliyofunikwa. Kuchapa moja kwa moja kwenye kifuko kulikuwa nje ya uwezo wake, kwa sababu viwanda vinavyochapa vifungashio hutengeneza silinda ya kila rangi na hutaka oda kubwa. Mjasiriamali anayeanza ni bora ashike stika mpaka soko lithibitike.

Mchoro wenyewe ulikuwa sehemu fupi. Tulichora chanja kwa mistari michache, dagaa watatu juu yake, na jina kwa herufi nene zinazosomeka ukiwa umesimama hatua kadhaa kutoka kwenye rafu. Yaliyochukua muda ni mambo ambayo mteja hakujua kwamba yanahusu ubunifu: uzito halisi, jina na anuani ya mzalishaji, tarehe ya kufungashwa na ya mwisho wa matumizi, namba ya toleo, na nafasi ya kugonga tarehe hizo kwa muhuri bila kufunika maneno mengine. Yeye alitaka pia tuweke alama ya ubora ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, kwa sababu aliiona kwenye bidhaa za wenzake. Nilimweleza kwamba alama hiyo huwekwa na mzalishaji aliyepewa leseni ya kuitumia, na tangu mwaka 2019 masuala ya usalama wa chakula yaliyokuwa chini ya TFDA, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya wakati huo, yamehamia TBS, hivyo mlango wa kubisha ni huo huo mmoja. Tukaiacha nafasi yake wazi kwenye lebo, ikisubiri.

Msimbo pau, ile mistari inayosomwa na mashine dukani, nao una masharti yake. Misimbo ya bidhaa zinazosajiliwa kupitia GS1 Tanzania, taasisi inayotoa misimbo hiyo, huanza na tarakimu 620. Ukubwa wa kawaida wa msimbo wa tarakimu 13 ni takribani milimita 37 kwa 26 pamoja na nafasi tupu za pembeni, na haushauriwi kupunguzwa chini ya asilimia 80 ya hapo. Mama alitamani mistari iwe myekundu ilingane na jina. Mashine nyingi za kusoma msimbo hutumia mwanga mwekundu, na kwa mwanga huo mstari mwekundu ulio juu ya nyeupe hauonekani kabisa. Duka lingeirudisha bidhaa siku ya kwanza. Nilipomwonyesha hilo kwa kuweka kipande cha plastiki nyekundu juu ya mistari miekundu niliyoichora, ikapotea machoni pake, hakuuliza tena kwa nini ofisi yangu inatoza zaidi ya steshenari. Kabla ya hapo alikuwa ameniuliza. “Mwanangu, kule wanachora bure.” Nami nilimwambia, “Mama, kule wanachora bure kwa sababu utachapa kwao. Mimi nikikukabidhi kazi hii, utachapa popote unapotaka, leo na miaka yote.”

Suala la malipo yake lilinifundisha jambo ambalo hakuna kozi ya biashara ingenifundisha. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu taa hazifui dafu, kwa hiyo mitumbwi hupumzika. Fedha ya watu wa dagaa huja na giza na kukauka na mbalamwezi. Ankara inayodai malipo tarehe 30 ya kila mwezi haina maana kwa mtu ambaye kalenda yake ni mwezi wa angani. Tangu wakati huo, kwa wateja wa mialo, tunagawa malipo kwa kufuata giza: kianzio katika giza la kwanza, sehemu ya pili katika giza linalofuata, na wanalipa vizuri kuliko taasisi nyingi zenye idara ya fedha. Wakulima wa pamba na mpunga nao wana majira yao, na shule binafsi huwa na fedha mwanzoni mwa muhula. Anayefungua ofisi kando ya ziwa hili akajifunza ni lini kila kundi linashika fedha, atapunguza ugomvi mwingi.

Kuhusu kianzio sina mjadala. Hatufungui faili ya kazi kabla ya nusu ya malipo kuingia, na sampuli ya kwanza hutumwa ikiwa ndogo na yenye maandishi yanayoikata katikati. Kuna mteja ambaye simtaji aliyepokea sampuli ya nembo, akasema atafikiria, na baada ya muda nikaiona nembo hiyo kwenye fulana za wafanyakazi wake, imechapwa kutoka kwenye picha ya simu, kingo zake zikiwa na ukungu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi ya sanaa tangu inapoundwa, hivyo haki ilikuwa upande wangu, lakini ofisi ndogo haiwezi kuishi kwa kwenda mahakamani. Inaishi kwa karatasi moja inayosainiwa mapema, iliyoandikwa kwa Kiswahili chepesi, inayosema kazi ni ipi, marekebisho ni mangapi, nani ataidhinisha, malipo ni lini, na kwamba umiliki wa mchoro unahamia kwa mteja malipo yakikamilika. Mteja akishalipa yote tunampa mafaili yote, pamoja na yale ya vekta yanayoweza kukuzwa hadi ukubwa wa bango bila kupoteza ubora. Najua wenzangu wanaoyashikilia mafaili ili mteja arudi. Mimi naona huo ni utumwa, na mteja aliyefungwa hivyo hukuchukia hata kama anarudi.

Kipengele cha nani ataidhinisha kinaonekana kidogo, nacho ndicho kinachookoa kazi za taasisi. Shule, saccos, kanisa, kamati ya harusi, wote hufanya uamuzi kwa kikao, na kikao hakichori. Mwalimu mkuu anataka mwenge, mhasibu anataka kitabu, mwenyekiti wa bodi anataka jua na samaki na mlima, na kila mmoja anakupigia simu kwa wakati wake. Tunachofanya ni kuomba tangu mwanzo jina la mtu mmoja ambaye sauti yake ndiyo ya mwisho, na tunawaomba wengine waseme maoni yao kupitia kwake. Tunafanya hivyo kwa adabu, tunakwenda kikaoni tukiombwa, tunawasikiliza wazee bila haraka, lakini mwisho wa siku saini ni ya mtu mmoja.

Wachapaji nimewageuza kuwa washirika. Kwa kuwa sina mashine, sishindani nao, na wao hunieleza ukweli wa mashine zao. Rangi ndiyo eneo lenye maumivu. Kioo cha kompyuta hutengeneza rangi kwa mwanga mwekundu, kijani na buluu, wakati mashine huchanganya wino wa samawati, majenta, njano na nyeusi, na kuna rangi za kioo ambazo wino hauwezi kuzifikia. Buluu kali ndiyo inayosumbua zaidi huku kwetu, kwa sababu kila mtu anataka rangi ya ziwa, na buluu hiyo ikichapwa bila kurekebishwa hutoka na uzambarau. Tulichofanya ni kutengeneza ukurasa mmoja wenye miraba ya rangi, kila mraba ukiwa na vipimo vyake vya wino, tukauchapa kwenye mashine ya kila mchapaji tunayefanya naye kazi, tukazibandika karatasi hizo ukutani zikiwa zimeandikwa mahali zilikochapwa. Mteja hachagui tena rangi kwenye kioo. Anasimama ukutani, anagusa mraba, anasema hii. Ukitazama ukuta ule unaona jinsi buluu ile ile inavyokuwa mbichi kwa mchapaji mmoja na nzito kwa mwingine, na unajua kazi ipi impelekee nani. Kwa anayeanza leo, huo ukuta una faida kuliko samani zote za ofisi. Mengine ya uchapaji ni ya kawaida na hujifunzwa haraka: milimita 3 za ziada kila upande kwa ajili ya kukata, picha za nukta 300 kwa inchi kwa kazi ya kushikwa mkononi, na maneno yasisogee karibu na ukingo.

Taratibu za kiserikali hazikuwa ngumu kama zinavyosimuliwa. Jina la biashara husajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, kwa njia ya mtandao ukiwa na namba ya NIDA ya kitambulisho cha taifa, TIN, yaani namba ya mlipakodi, hutolewa na mamlaka ya mapato, TRA, bila malipo, na leseni hupatikana kwa halmashauri ya mahali ofisi ilipo, jambo linalohitaji uangalifu kidogo kwa sababu mji wetu una halmashauri mbili, Jiji upande wa Nyamagana na Manispaa ya Ilemela, na Kirumba iko Ilemela. Ninachotaka kusisitiza ni faida ya kuwa na karatasi hizo. Taasisi hainunui kwa mtu asiye na TIN na risiti, na inapokulipa huduma hukata kodi ya zuio ya asilimia 5, kwa hiyo ankara ya shilingi milioni 1 inaingia benki ikiwa shilingi 950,000. Fedha iliyokatwa haijapotea ikiwa utadai cheti chake, kwa kuwa huhesabiwa kama kodi uliyokwisha kulipa mwisho wa mwaka. Vyeti hivyo tunavidai siku hiyo hiyo na kuvitunza kwenye jalada lake, na bei zetu kwa taasisi tunazipanga tukijua kwamba asilimia hiyo itachelewa kutusaidia.

Kusajili jina la biashara si kusajili nembo, na wateja wengi hawalijui hilo mpaka jirani aanze kufungasha bidhaa inayofanana na yao. Alama ya biashara husajiliwa kwa maombi yake yenyewe, pia BRELA, chini ya sheria ya mwaka 1986, kwa madaraja ya bidhaa; samaki waliokaushwa wako daraja la 29. Usajili wa kwanza hudumu miaka 7 na huweza kuhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Ninalieleza hili mapema kwa kila mteja wa bidhaa, kwa sababu linabadilisha namna ya kuchora. Nembo itakayosajiliwa lazima iwe na kitu cha kuitofautisha na za wengine.

Hapo ndipo ninapopata jibu kwa wanaoniuliza kuhusu Canva na programu nyingine zenye templeti. Vijana wengi mjini wanatengeneza matangazo kwa simu tu, kwa bei ndogo, na kazi zao nyingi ni nzuri. Kwa tangazo la mnada wa mbuzi Jumamosi, kadi ya mchango wa harusi au salamu za Iddi, sioni sababu ya mtu kuja kwangu, na ninamwambia hivyo. Lakini nembo iliyotengenezwa kwa michoro ya hazina ya Canva haiwezi kusajiliwa kuwa alama yako ya biashara, kwa masharti ya Canva wenyewe, kwa kuwa michoro ile inaruhusiwa kutumiwa na kila mtu. Nimewaona wauza asali wawili wenye nyuki yule yule, wote wawili wakiamini kwamba mwenzake ameiba. Hakuna aliyeiba. Kuwaeleza hivyo kwa upole kumeniletea kazi zote mbili.

Kuhusu watu wa kufanya nao kazi, tumekuwa tukipokea vijana wa mafunzo kwa vitendo kutoka vyuo vya hapa. Wanakuja wakiijua programu kuliko mimi, na ninafurahi, kwa hiyo siwafundishi programu. Wiki ya kwanza nawapeleka Mwaloni alfajiri wakati magunia yanashushwa, nawapeleka maduka ya jumla wakatazame mnunuzi anavyochukua bidhaa kwenye rafu, anavyoigeuza, anasoma nini kwanza, anairudisha kwa sababu gani. Wanaandika kwa mkono. Baadhi yao wameona aibu kusimama sokoni na daftari, lakini nawashikilia hapo hapo, kwa sababu ninaamini kabisa kwamba mbunifu wa Kanda ya Ziwa ambaye hajui gunia la dagaa linapimwaje atabaki kunakili lebo za nchi nyingine maisha yake yote. Tunawalipa posho kutokana na kazi waliyoigusa, hata ikiwa ni kusahihisha tahajia tu, ili wazoee mapema kwamba kila sehemu ya kazi hii ina bei.

Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwezi Juni 2025, wateja wa Sengerema na Geita wamekaribia. Zamani safari ya upande ule ilitegemea foleni ya kivuko, na ziara moja iliweza kula siku nzima. Sasa tunavuka kilomita 3 za daraja kwa gari na kurudi mchana. Hilo limetuwezesha kuweka ziara ya kazi kama huduma yenye bei yake, mstari wa kwanza kabisa kwenye profoma, yaani ankara ya makadirio, kabla ya nembo na kabla ya lebo. Mkulima mmoja wa nanasi upande wa Geita, ambaye ameanza kusindika juisi, alitupigia simu akitaka lebo haraka. Tulimwomba kwanza tuione chupa inapojazwa, tujue inakaa kwenye jokofu au ndoo ya barafu, maana chupa inayotoa jasho huibandua stika ya kawaida kabla haijamfikia mnywaji, na tuone pia wauzaji wake wa barabarani wanaishikaje wanapoikimbiza kwenye dirisha la basi. Aliuliza maswali mawili matatu, akauliza bei, kisha akatuma fedha ya ziara kwa simu, na tunakwenda kwake wiki ijayo.